Kabla ya seli, chupa ya fomalini

Mwenye simu Unguja au Pemba, kama hajatumiwa video ya namna hii, atatumiwa. Mtoto wa Kizungu kichwa hakina nywele, kisha yuleyule amekuwa msichana mkubwa, na sauti inaeleza kwamba madaktari walichukua askari wa damu yake mwenyewe, wakawafunza, wakawarudisha, saratani ikaondoka. Chini yake huwapo swali lilelile: mbona Mnazi Mmoja haipo?

Habari ni ya kweli. Emily Whitehead alitibiwa Philadelphia, Marekani, Aprili 2012, akiwa na miaka 6, baada ya saratani ya damu kumrudia mara mbili. Swali nalo ni la haki. Ila jibu linalotolewa kila mara, kwamba hatuna pesa, ni nusu ya jibu, tena nusu isiyo na kazi, maana inatuacha tumekaa tukingoja bei ishuke. Bei inashuka. Siku itakapofika kiwango cha kulipika, mgonjwa wa Wete hataweza kuifuata tiba hiyo ikiwa hakuna aliyejua saratani yake ni ya aina gani. Tiba ya seli inaanzia kwenye kinyama kidogo cha uvimbe kilichokatwa vizuri na kutiwa kwenye chupa sahihi ya fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, na hapo ndipo Zanzibar ingepaswa kuanza.

Kwanza seli zenyewe. Seli T ni chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kupita kwenye seli za mwili moja moja, kama mkaguzi wa tiketi bandarini Malindi. Seli yenye virusi ndani huonesha vipande vya virusi kwenye ngozi yake, ikakamatwa na kuuawa. Saratani inampita mkaguzi kwa sababu tiketi yake ni ya mwenyeji: ni seli ya mwili huohuo iliyoasi. Mwaka 1989 Zelig Eshhar na wenzake huko Israel walionesha kwamba unaweza kuunganisha kichwa cha kingamwili, yaani protini ya damu inayonasa adui, na mitambo ya ndani ya seli T, ukapata seli inayoshika alama unayoichagua wewe. Hicho ndicho kipokezi kinachoitwa CAR, na seli iliyovishwa huitwa CAR-T.

Alama iliyofanya kazi mwanzo ni CD19, ambayo iko kwenye seli B zote, yaani chembe nyeupe za ukoo unaotengeneza kingamwili, nzima kwa mbovu. Hapa ndipo siri ya mafanikio, na ndipo mpaka wake. Seli za CAR-T haziwezi kutofautisha seli B ya saratani na seli B njema, zinafagia zote. Inawezekana kwa sababu mtu anaweza kuishi bila seli B, akipewa dripu ya kingamwili za watu wengine mara kwa mara. Hakuna anayeweza kuishi bila ini, au bila ngozi ya ndani ya mapafu. Ndiyo maana CAR-T zilizoidhinishwa Marekani tangu ile ya kwanza ya Agosti 2017 zote ni za saratani za damu, mitoki na uboho. Kwa saratani ya titi au ya shingo ya kizazi, ambazo ndizo zinazoongoza kwa wanawake wa Tanzania, bado hakuna.

Kazi inaanza kwa kuvuna. Mgonjwa anatiwa sindano mbili, moja kila mkono, au mrija mmoja mpana kwenye mshipa wa shingo. Damu inatoka, inazungushwa na mashine, chembe nyeupe zinabaki kwenye mfuko, nyingine zinarudi mwilini. Lita 10 hivi hupita kwenye mashine kwa saa 3 hadi 5. Damu isigande ndani ya mirija hutiwa sitreti, na sitreti inanyonya kalisiamu: midomo inaanza kuwasha, vidole vinakufa ganzi, na muuguzi asiyejua sababu ataisimamisha mashine bure badala ya kutoa kalisiamu. Dawa za steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, lazima ziwe zimeachwa siku 3 kabla, kwa kuwa zinaua seli zilezile zinazotafutwa.

Kiwandani seli T huamshwa kwa vishanga vidogo vilivyopakwa kingamwili, kisha hutiwa jeni ya kipokezi kwa kutumia virusi vilivyoondolewa uwezo wa kuzaana. Aina moja inayotumika sana imetengenezwa kutokana na jamii ya virusi vya UKIMWI. Haiambukizi UKIMWI, lakini ina jambo moja ambalo mgonjwa akirudi nyumbani inafaa alijue: kipimo cha HIV kinachotafuta vinasaba kinaweza kusema "ana" kumbe hana, kwa sababu kimekutana na vipande vya virusi vilivyobeba jeni. Kipimo cha haraka cha tone la damu, kinachotafuta kingamwili, hakidanganywi. Ndoa zimevunjika kwa karatasi za maabara zenye uzito mdogo kuliko huo.

Seli zinakuzwa siku 7 hadi 10, zinapimwa usafi, zinagandishwa na kuwekwa kwenye mvuke wa naitrojeni, chini ya nyuzi 130 za baridi. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaopandikiza kwa mrija wanaujua mtungi wake. Ni teknolojia ileile inayohifadhi mbegu za madume. Zikiwa tayari, mgonjwa anapewa dawa za saratani, fludarabini na saiklofosfamidi, kwa siku 3 au 4, si kwa ajili ya kuua saratani hasa, bali kuwapunguza askari waliopo ili wageni wapate nafasi na chakula. Kisha mfuko unayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37 na kuingizwa kwa dripu ndani ya nusu saa. Mtoto wa chini ya kilo 50 hupata seli kati ya laki 2 na milioni 5 kwa kila kilo ya uzito. Ujazo wake ni mdogo, pengine hata chai ya kikombe cha kahawa ni nyingi zaidi. Chumba kizima kinanuka kama kitunguu saumu: ni dawa ya kuzuia barafu isipasue seli, inatoka kwa pumzi ya mgonjwa.

Hadi hapo ni kama ufundi tu. Shida huja baadaye.

Siku 3 hivi baada ya mfuko, homa. Seli zimekutana na adui, zinazaana, zinatapika kemikali za kuitana zinazoitwa saitokini. Homa peke yake, nyuzi 38 au zaidi, ni daraja la kwanza. Presha ikishuka au oksijeni ikihitajika kidogo, la pili. Ikilazimu dawa ya kupandisha presha kwa pampu, la tatu, na hapo mgonjwa ni wa chumba cha mahututi. Emily alifika huko hadi kwenye mashine ya kupumulia. Vipimo vilionesha saitokini moja, IL-6, imepanda kupita kiasi, na daktari Carl June alikuwa anaijua dawa ya kuizuia kwa sababu binti yake mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa viungo wa watoto. Dawa hiyo ni tosilizumabu, miligramu 8 kwa kilo, au 12 kwa mtoto wa chini ya kilo 30, kwa dripu ya saa moja. Kwa miaka mingi mamlaka za Marekani zilitaka dozi 2 ziwe zipo hospitalini kabla mfuko wa seli haujaguswa. Sharti zuri. Dawa ikiwa ghala la Dar es Salaam na mgonjwa yuko Unguja, boti ya saa mbili ni mbali mno.

Dhara la pili liko kwenye ubongo, na hili nitalikalia kidogo kwa sababu linatuhusu kwa namna ambayo hakuna mtu Philadelphia aliyeifikiria. Mgonjwa anaanza kuchanganyikiwa, anakosa maneno, mkono unatetemeka. Ili kulikamata mapema wauguzi hutoa mtihani wa alama 10, mara mbili kwa siku au zaidi: mwaka gani, mwezi gani, mji gani, hospitali gani (4), taja vitu vitatu hivi (3), fanya nikuambialo, kwa mfano funga macho utoe ulimi (1), hesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa makumi (1), andika sentensi (1). Mwandiko ndio huanza kuharibika. Leo mstari umenyooka, kesho herufi zimepandana, na kabla ya jioni mgonjwa hawezi kusema.

Sasa mpeleke bibi wa Micheweni huko Mumbai, India, ambako tiba hii ni rahisi zaidi kuliko Marekani. Kiingereza hajui. Kuandika anajua, lakini aliyosoma chuoni: anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia. Muuguzi atamwona ameanzia upande usio wake na kuchora asichokielewa, atampa sifuri. Au kinyume chake, atasema hajui kuandika, atalifuta swali, na kile kipimo kikali kuliko vyote kimepotea. Dawa yake haigharimu kitu. Kabla ya safari aandike sentensi moja, kwa herufi zake, kwenye karatasi itakayobaki kwenye faili. Maswali yatafsiriwe Kiswahili na kurekodiwa kwenye simu. Na aliyefuatana naye afundishwe kusema "huu si mwandiko wake" bila kuogopa. Mwanafamilia aliyezoea barua zake ataona tofauti kabla ya daktari bingwa.

Kuna na makosa ya nadra yanayofundisha. Mwaka 2018 watafiti wa Pennsylvania walieleza mgonjwa ambaye kiwandani seli moja ya saratani, moja tu, ilichanganyika na seli T ikavishwa kipokezi kilekile. Kipokezi kikaifunika alama ya CD19 kwenye ngozi yake, ikawa haionekani. Ilizaana, saratani ikarudi, mgonjwa akafariki. Kwa kawaida lakini kurudi kwa ugonjwa hakuhitaji ajali hiyo: seli za saratani zinavua CD19, au seli za CAR-T zinachoka na kwisha. Katika utafiti uliofungua njia ya idhini ya kwanza, watoto na vijana 75 walitiwa seli, asilimia 81 ugonjwa ulitoweka ndani ya miezi 3. Ni nambari ya kustaajabisha kwa watu waliokwisha kukatiwa tamaa. Baada ya mwaka, waliokuwa bado hai na bila ugonjwa kurudi walikadiriwa nusu. Anayeitaja ya kwanza akaificha ya pili anauza.

Na wauzaji wako wengi. Neno linalowasaidia ni "kinga". Wanasema: madaktari wenyewe sasa wanatibu saratani kwa kinga, basi chukua unga huu, mafuta haya, uongeze kinga yako. Lakini hakuna hatua hata moja kati ya zilizotajwa inayoongeza kinga. Kinga ya mgonjwa inapunguzwa makusudi, tena sana, halafu kundi dogo linaelekezwa mahali pamoja. Kinga iliyoongezeka ovyo ndiyo ile homa ya siku ya tatu. Habasoda ni chakula na ni sunna kwa anayeifuata. Hakuna wa kugombana naye. Tatizo ni miezi. Mtoki wa ukubwa wa ukwaju ukiwa unapakwa mafuta na kuumikwa chuku tangu Mfunguo Mosi hadi Rajabu, utakapofika kwa daktari utakuwa mwingine.

Turudi kwenye pesa, maana nayo lazima isemwe. Dawa ya kwanza Marekani ilitoka kwa dola 475,000, zaidi ya shilingi bilioni moja, kabla ya kitanda na chumba cha mahututi. Oktoba 2023 India iliidhinisha CAR-T yake yenyewe, iliyotokana na kazi ya chuo cha teknolojia cha IIT Bombay na hospitali ya Tata Memorial, kwa bei inayokaribia dola 50,000. Bado ni zaidi ya shilingi milioni 120, lakini si bilioni. Katika majaribio yake, saratani iliitikia kwa asilimia 73 ya waliopimwa. Wazanzibari wanaijua njia ya India. Rufaa za moyo na figo zimekuwa zikienda huko kwa miaka. Kwa hiyo hili si suala la mjukuu. Katika miaka michache ijayo kutakuwa na familia Unguja itakayouza kiwanja kwa ajili yake, na daktari wa hapa ataulizwa: twende?

Jibu lake litategemea mambo ya hapa. La kwanza, homa ya ini B. Fludarabini, na dawa yoyote inayofuta seli B, huamsha virusi vilivyolala kwenye ini, na mgonjwa anaweza kufa kwa manjano akiwa saratani imeisha. Kipimo chake ni tone la damu. La pili, minyoo. Kuna mnyoo mmoja, strongiloidi, unaoingia kwa ngozi ya miguu, unaishi utumboni kimya kwa miongo kwa sababu unazaliana ndani kwa ndani. Mwenye nao akipewa deksamethasoni, ambayo ndiyo dawa ya yale madhara ya ubongo, minyoo inatoka utumboni na kuenea mapafuni na kwenye damu, ikibeba bakteria. Maabara ya Ivo de Carneri, Wawi, Chake Chake, ilianzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya magonjwa ya namna hii. Hakuna sababu ya mgonjwa wa Pemba kupanda ndege bila kupimwa, au angalau bila ivamektini ya mikrogramu 200 kwa kilo. Daktari wa Ulaya anaweza asiliulize swali hilo. Sisi hatuna udhuru.

La tatu ni damu, na ndilo lenye hatari iliyofichika zaidi. Desturi ya hapa mgonjwa akihitaji damu ni kuwaita jamaa: kaka, shangazi, watoto wa ami. Kwa mjamzito anayetoka damu ni jambo jema. Kwa mtu aliyepewa fludarabini ni hatari. Ndani ya chupa ya damu mna seli T za mchangiaji. Kwa kawaida mwili wa mpokeaji unazimaliza. Mwili uliofutwa askari hauwezi, na kama mchangiaji ni ndugu ambaye alama zake za tishu zimo zote kwa mpokeaji, seli hizo zinapenya bila kutambuliwa, zinaota, kisha zinaanza kushambulia ngozi, ini na uboho wa mwenyeji. Karibu wote wanaopata hali hiyo hufa. Ni CAR-T ya kinyume, iliyoletwa kwa mapenzi ya ndugu. Kinga yake ni kuipiga damu mionzi ya grei 25 kabla ya kumpa, na kuacha kabisa damu ya jamaa wa karibu. Anayerudi kutoka India lazima awe na kadi iliyoandikwa hivyo, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, maana usiku wa manane kwenye wodi hakuna atakayesoma ripoti ya kurasa 14.

Haya yote yanadhani kwamba tunajua mgonjwa ana nini. Ndiyo tufike kwenye chupa.

Mtu ana mitoki shingoni, homa za jioni, amekonda. Kosa la zamani, la Afrika nzima, ni kumwanzishia dawa za kifua kikuu kwa kudhania na kungoja miezi. Kosa jingine ni la duka la dawa: prednisoloni "ya kupunguza uvimbe". Mitoki inasinyaa kweli, mgonjwa anashukuru, na limfoma, yaani saratani ya mitoki, iliyokuwemo imeyeyuka kiasi kwamba kinyama kikikatwa wiki ya pili hakisomeki. Itarudi, ikiwa ngumu zaidi. Kanuni ni moja: steroidi baada ya kinyama, isipokuwa uvimbe unaziba pumzi.

Anayekata achukue mtoki mzima, si kunyonya kwa sindano nyembamba, kwa sababu limfoma inajulikana kwa jinsi seli zilivyopangana na sindano inazivuruga. Asichukue wa kinena kama upo mwingine. Mitoki ya kinena huvimba kwa vidonda vya miguu tu, na msomaji ataona vurugu za zamani. Asiubane kwa koleo. Uingie kwenye fomalini ndani ya saa moja.

Na fomalini gani? Inayouzwa kwenye dumu ina fomaldehaidi asilimia 37 hadi 40 na haitumiki hivyo. Sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, na kwa kila lita ya mchanganyiko gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti. Chumvi hizi zinazuia tindikali. Bila hizo, dawa iliyokaa inageuka chachu, inaacha vumbi la kahawia juu ya kinyama na kuharibu protini zinazotafutwa. Ujazo uwe angalau mara 10 ya kinyama. Chupa ya sindano iliyotumika haifai, mdomo wake ni mwembamba: kinyama kinaingia kwa kusukumwa, kinakakamaa humo, na maabara wanalazimika kuivunja. Spiriti haifai, maji ya dripu ndiyo kabisa. Humo kinyama kinaoza kama kilichoachwa juani.

Fomalini huzama polepole, milimita 1 hivi kwa saa ya mwanzo na polepole zaidi ndani. Titi zima likitumbukizwa kwenye ndoo, kesho yake ngozi ni imara na katikati pameoza, na uvimbe uko katikati. Lazima lipasuliwe vipande siku hiyohiyo. Muda mzuri ni saa 6 hadi 72. Chini ya hapo hakijakomaa; kikizidi sana, alama zinafungika na rangi hazishiki. Mkasa wa kisiwani uko hapo: chupa inakabidhiwa familia, familia inatafuta nauli, inangoja mjomba anayekwenda Bara wiki ijayo, na kinyama kinafika Dar es Salaam kikiwa na wiki 3 ndani ya dawa. Gharama ya kurekebisha ni ndogo kiasi cha kutia aibu: mtu mmoja wa hospitali, sanduku moja, safari mbili kwa wiki, kwa zamu, kutoka Chake Chake na Mkoani hadi maabara. Ningekuwa na shilingi moja ya kuweka kwenye "tiba ya kisasa ya saratani" Zanzibar, ningeiweka kwenye sanduku hilo kabla ya kumpeleka yeyote kutazama kiwanda cha seli.

Kwa sababu kinyama kikisomwa vizuri, kikakatwa unene wa mikroni 4 na kupakwa rangi za kingamwili, kinafungua tiba zilizo karibu zaidi. Limfoma yenye alama ya CD20 ina dawa inayoitwa rituksimabu, miligramu 375 kwa mita ya eneo la mwili. Nayo ni tiba ya askari wa mwili: inaganda kwenye seli B kisha inawaita askari wa mgonjwa, bila kuwatoa nje, bila kiwanda, bila naitrojeni. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015 na haki ya kampuni moja imekwisha, kwa hiyo nakala zake zipo. Watoto nao: saratani ya damu ya kawaida ya utotoni, huko nchi tajiri, inapona kwa karibu watoto 9 kati ya 10 kwa tiba ya kemikali ya miaka 2 hadi 3, nyingi yake vidonge. CAR-T ilibuniwa kwa yule wa kumi. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ukilipia usomaji wa kinyama na nauli za kufuata tiba Muhimbili hadi siku ya mwisho, utaokoa zaidi kuliko kwa tiketi moja ya Mumbai. Atasimama mzazi aulize: na mtoto wangu ndiye wa kumi? Swali hilo halina jibu la hesabu, na atakayemjibu kwa hesabu hana adabu. Naye asaidiwe kwenda. Bali mpango wa nchi usijengwe juu yake.

Kuna askari wa karibu zaidi ya rituksimabu. Kovu dogo la mkononi ambalo karibu kila aliyezaliwa kituo cha afya hapa analo ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Tangu 1976, Alvaro Morales alipochapisha matokeo yake Kanada, bakteria hao walio dhaifu wametumika kutibu saratani ya juu juu ya kibofu. Unga wake, kwa mfano miligramu 50 kwa aina moja inayotumika sana, unachanganywa na mililita 50 za maji ya chumvi, unaingizwa kwa mpira hadi kibofuni, mgonjwa anazuia mkojo saa 2. Mara moja kwa wiki, wiki 6. Ukuta wa kibofu unavimba, seli za kinga zinamiminika, na saratani inakwenda nao. Mpira ukichubua na damu ikatoka, siku hiyo dozi inaahirishwa, kwani bakteria wataingia kwenye damu. Kwa saa 6 mgonjwa akojoe ameketi, na choo kimwagiwe dawa ya klorini dakika 15 kabla ya kumwaga maji.

Lakini Pemba mkojo wa damu una historia yake. Kichocho cha huku ni cha kibofu, kinachopitia kwa konokono wa mito na mabwawa, na mayai yake yaliyonasa kwenye ukuta kwa miaka huzaa saratani ya aina nyingine, ya seli bapa. Hiyo BCG haiigusi, inataka kisu. Kampeni za prazikwanteli, miligramu 40 kwa kilo, kwenye skuli na mitaani, zimepunguza sana kichocho Unguja na Pemba, na hizo zenyewe ni kinga ya saratani hata kama bango halisemi. Kwa aliyekulia mtoni miaka ya sabini, mayai yameshakaa. Mzee huyo akija na damu, kati ya mpira wa wiki 6 na upasuaji mkubwa kinachoamua ni kinyama, na aliyekitia kwenye chupa.

Jina, tarehe, upande wa mwili na saa kilipoingia kwenye dawa viandikwe kwenye ubavu wa chupa, kwa penseli au wino usiofutika. Kisiandikwe chochote kwenye kifuniko. Maabara wakifungua chupa 20 asubuhi moja, vifuniko 20 vinalala mezani pamoja.